Neno Moja la Uongo

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa kila hali, na nakushukuru wewe kwa ile mistari minne uliyoniandikia kwa mkono wa kushoto. Niliisoma palepale mlangoni, tarishi hajapanda hata baiskeli yake. Herufi zimelala ubavu kama watu waliochoka na safari, lakini ni zako, nilizijua. Kiharusi kimechukua mkono wa kulia. Kaka hakikumchukua.

Wifi ameniandikia kwamba daktari anataka akili yako ipewe mazoezi kama mguu unavyopewa. Nikakaa kwenye cherehani yangu nikiwaza mazoezi gani, mara nikakumbuka kile kikopo cha baba. Unakikumbuka? Alikuwa akimaliza kufagia kiwanda cha uchapaji anarudi na herufi za madini ya risasi mfukoni na kuzitia humo, zile zilizochakaa zikingoja kuyeyushwa. Ulikuwa unanipa tatu mkononi, unaniambia, "Nitafutie maneno ya Kiingereza yenye hizi zote tatu. Zikae mbele, zikae nyuma, mradi zote zimo." Mimi niliyetolewa darasa la sita ili wewe uendelee, ukawa unaniletea shule mpaka jikoni, huku nachambua maharage.

Sasa ni zamu yangu kukupa. Herufi zako ni E, N, T. Masharti yaleyale. Na ile kawaida yetu nyingine usiiache: katika orodha utie neno moja la uongo, la kutunga wewe mwenyewe, lijifiche kati ya ya kweli. Nikilikamata nitalikata kwa mkasi nikurudishie kipande, kama tulivyokuwa tukikatiana vipande vya gazeti.

Habari nyingine, usicheke. Nimejiandikisha mtihani wa watu wazima. Ni tarehe tisa Juni. Mwalimu wetu wa jioni ningeweza kumzaa kabisa. Ananiita mama kwa heshima zote, halafu ananipa sifuri.

Dada yako,
Sindano

15 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Ndiyo mambo hayo, nimezeeka mpaka nakaguliwa na fundi wa sare za shule! Haya, mwalimu, kazi yako hii hapa. Naanza na marefu, unanijua. Mpanga chapa hutafuta refu kwanza ili mstari ujae.

Entertainment. Government. Apartment. President. Plentage. Incident. Tenant. Cement. Net.

Miaka thelathini na mmoja nimeyapanga hayo gazetini, kichwa chini miguu juu, herufi moja moja. Sasa kuliandika moja tu natoka jasho kama nimebeba gunia. Lakini yanakuja, Sindano. Nikiita, yanakuja. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa hospitalini, kwamba nitaita na mlango usifunguliwe.

Mke wangu asijue ile kawaida yetu ya uongo. Yeye anadhani tunaandikiana mambo mazito, msomi na dada yake, hata redio anaipunguza sauti ninapokuandikia. Usimwondolee heshima hiyo. Barua zako nazifungua mwenyewe na kuzitia kwenye kopo la biskuti.

Kuhusu mtihani, sicheki. Mimi nilisoma kwenye kiti chako. Nilikikalia miaka sita na hakuna siku hata moja nilikiona ni changu. Tarehe tisa Juni ukakae humo, litokee litakalotokea. Umesikia? Litakalotokea.

Kaka yako,
Chapa

28 Februari

Kaka,

Shikamoo. Fungua bahasha vizuri, kipande kisianguke. Plentage! Mara ya kwanza nililipita na kulisalimia. Limevaa nguo nzuri, limesimama baada ya rais, nani angelisimamisha limtaje baba yake? Mara ya pili nikasita. Nikampelekea mwalimu wa jioni. Naye akasema, "Mama, nadhani ni neno la mambo ya kilimo." Tukafungua kamusi. Halimo! Nilimcheka mtoto wa watu mpaka nikamwomba msamaha. Kisha nikachukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa vizito, huo huo, nikalikata.

Nilivyotoka darasani nilitembea hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu njiani. Sikujua nilikuwa nimebeba hofu kiasi gani tangu uugue, mpaka nilipoitua.

Shule nne zimeleta vitambaa vya sare kwa pamoja na zote zinataka ziwe tayari juzi. Nashona huku kitabu kimeegemea gurudumu la cherehani. Kwaresima hii nimejiwekea ahadi moja: kila nikimaliza sketi, najifunza neno moja. Sketi ni nyingi, tuombe Mungu.

Herufi zako: A, D, R.

Dada yako,
Sindano

20 Machi

Sindano,

Marahaba.

Dear. Hard. Read. Gardle. Road.

Ni machache, najua. Juzi nilikuwa namwomba mke wangu kile kitu cha kuchemshia maji ya chai, jina lake likanikimbia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Nikamwonyesha kwa mkono. Akaniletea sufuria. Nikamwambia ndicho hicho, ili asijue.

Usimwambie. Na wewe usiwe na wasiwasi, ni uchovu tu. Soma.

Chapa

1 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Gardle nimelikamata bila hata kumsumbua mwalimu. Kipande kimo humu. Maneno manne na uongo mmoja, nami nimeyapokea yote kama zawadi. Sikudai mengi. Hata ukiniletea moja na la uongo, orodha imetimia.

Umeniambia nisiwe na wasiwasi, basi nimejaribu. Nakuombea alfajiri na nikimaliza kukuombea naanza tena, kama mtu aliyesahau kwamba ameshafunga mlango.

Herufi ni O, R, S. Chukua muda wako.

Dada yako,
Sindano

14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkono umechoka, kwa hiyo namtajia mke wangu naye anaandika. Mimi ni mzima. Chakula nakula. Orodha yako hii:

Absorb. Across. Actors. Advisors. Ancestor. Arson. Authors. Boards. Borders. Boxers. Brooms. Brothers.

Soma kwa bidii. Mtihani ni muhimu kuliko yote. Kwa nini barua yako haikuwa peke yake kwenye bahasha? Kulikuwa na kikaratasi kidogo, tumekitupa, kilikuwa kimekatika.

Kaka yako

24 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Salamu za Mungu ziwe juu yako na nyumba yako. Barua hii nakuandikia wewe, si kaka.

Orodha niliipokea siku nne zilizopita. Kwanza nilifurahi kwa wingi wa maneno. Nikayahesabu, kumi na mawili. Nikasema, Mungu mkubwa, amerudi. Kisha nikaona yanaanzia A yanaishia B, kama mtu anayepanda ngazi polepole akakaa kwenye ngazi ya pili kupumzika. Kaka haendi hivyo. Kaka huanza na refu. Lakini nikajisemea, huenda ni ugonjwa umembadilisha.

Nikakaa na kamusi ya mwalimu, nikaangalia neno moja moja. Yote yamo. Hakuna hata moja lenye kosa. Wifi, kuna kitu kaka hukitia katika kila orodha yake tangu tukiwa watoto, na humu hakimo. Ni kitu gani, unisamehe, hilo ni letu wawili na aliniomba nisikwambie. Nilikitafuta kwa siku mbili nzima. Nguo ya mteja niliishona mikono nje ndani.

Maneno yale hakuyataja yeye. Uliyatafuta wewe.

Sikuandikii kwa hasira. Mtu anayekaa na kamusi kwa ajili ya mgonjwa wake hawezi kuwa adui yangu. Lakini niambie. Kaka yuko hai? Nijibu hilo kwanza, juu kabisa ya karatasi, kabla ya salamu.

Wifi yako,
Sindano

4 Mei

Yuko hai.

Wifi, nimeandika hivyo juu kama ulivyotaka. Sasa naomba nilie kidogo kisha niendelee.

Tarehe ishirini na saba Machi kiharusi kilimrudia. Alikuwa amekaa kitandani anavaa kiatu. Alikuwa na barua yako mfukoni mwa shati. Tangu siku hiyo hajasema neno. Anakula nikimlisha, anameza. Namgeuza, namwogesha, namketisha kwenye kiti cha dirishani. Namsomea sala asubuhi na jioni. Anaangalia ukuta. Daktari ananiambia hajui ni kiasi gani kimebaki ndani, labda kingi, labda hakuna. Mimi nimeacha kumwita jina, wifi. Naogopa kumwita asigeuke.

Kwa nini sikukwambia? Aliniapisha. Mwezi wa pili, siku aliyopata barua yako yenye habari za mtihani, alinishika mkono akasema, "Nikizidiwa, dada yangu asijue mpaka tarehe tisa Juni ipite. Aliacha shule mara moja kwa ajili yangu. Haachi mara ya pili." Nikaapa. Unajua mimi na kiapo.

Basi barua yako ya herufi tatu ilipofika, nikaifungua kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nikasoma mstari wa herufi tu, mengine nikayaruka. Nilijua usipojibiwa utakuja. Nilikuwa nimemwona akitafuta maneno yenye herufi zako zote, basi nikachukua kamusi yake. Mimi ni mpishi wa bweni, Kiingereza changu ni cha kwenye magunia ya unga na makopo ya mafuta. Nikaanza ukurasa wa kwanza na kidole, mstari kwa mstari, natazama lipi lina zote tatu. Siku tatu nzima. Wali wa wanafunzi mia mbili uliungua kwa sababu ya Advisors. Nilipofika Brothers nikaona hilo ni neno zuri la kumalizia, na kwa mgonjwa kumi na mawili yanatosha.

Nilijitahidi yasiwe na kosa. Niliyapitia yote mara mbili. Sasa unaniambia kwamba kutokuwa na kosa ndiko kulikonifichua, sijaelewa, wala sikuulizi. Barua zako za zamani zimo kwenye kopo la biskuti. Sijazigusa. Si zangu.

Nisamehe. Kiapo nimekivunja na uongo nimeuandika, yote kwa mwezi mmoja.

Wifi yako

12 Mei

Wifi yangu,

Huna deni la msamaha kwangu. Umewahi kuona mtu anapewa tonge na mwenye njaa? Ndizo hizo siku zako tatu na kamusi.

Nitakwambia ukweli wangu. Barua yako iliponifikia nilitoa begi uvunguni nikalifunga. Nguo mbili, kitabu cha sala, uzi. Nikamwambia mwalimu wa jioni, jina langu lifute. Akasema, "Mama, bado wiki nne." Nikamwambia wiki nne kwa mgonjwa ni maisha mazima. Lakini jina hakulifuta, nililiona bado limo kwenye orodha yake.

Nimerudi nyumbani begi liko mlangoni, na neno la kaka liko kichwani: ukakae humo, litokee litakalotokea. Nimesali, wifi, na sikupata jibu. Nikaona nimuulize mwenyewe.

Ndani kuna karatasi ya kaka. Ni orodha yangu. Zamani yeye alitoa herufi nami nikatafuta, basi nimejitolea mwenyewe A, R, T na nimetafuta kwenye kazi yangu na kwetu. Nakuomba umketishe dirishani, kwenye mwanga. Mshikie karatasi mbele ya macho yake. Kidole chako kiwe chini ya neno, ulitamke unavyoweza, ungoje, ndipo uende linalofuata. Usiharakishe. Kisha uniandikie kila alichokifanya na alikifanya kwenye neno lipi, hata ikiwa ni kupiga chafya.

Ikiwa kaka bado yumo ndani, nitakaa kwenye kile kiti kama alivyoniagiza na nitapanda basi siku ya pili yake. Ikiwa hayumo, mtihani wa nini? Nitakuja upesi nikae naye, nishike mkono ulio na joto. Nitangoja jibu lako. Begi silifungui.

Wifi yako,
Sindano

(Karatasi ya kaka)

Kaka, shikamoo. Nimeambiwa. Usimkasirikie mke wako, alipigana kwa ajili ya kiapo chako mpaka akaunguza wali.

Hii ndiyo kazi yangu ya nyumbani. Sikumwonyesha mwalimu.

Daughter. Straight. Garment. Pattern. Stranket. Tailor. Thread. Starch. Father. Heart.

Kawaida ni ileile. Safari hii mkasi uko kwako.

Sindano

24 Mei

Wifi yangu,

Mwandiko wangu leo ni mbaya, usome hivyohivyo. Nitaeleza kwa utaratibu kama ulivyotaka, kila neno na lake.

Nilimwogesha nikamvalisha shati la bluu, lile la kuendea ibadani. Nikamketisha dirishani, saa nne asubuhi, mwanga mzuri. Nikamsomea salamu zako. Hakufanya kitu. Nikaanza.

Kwenye Daughter, hakuna. Straight lilinishinda kutamka, nililisema mara tatu, hakuna. Garment, alipepesa macho, lakini hupepesa. Pattern, hakuna. Nilianza kuomba moyoni, Mungu wangu, hata chafya.

Kwenye Stranket akagonga.

Wifi, aligonga mkono wa kiti kwa vidole vya kushoto! Nikadhani ni bahati tu. Nikapeleka kidole kwenye Tailor. Akagonga tena, kwa nguvu, na jicho halikunifuata, lilibaki nyuma. Nikarudisha kidole kwenye Stranket. Akaacha kugonga. Akaniangalia. Mimi, wifi, si ukuta. Aliniangalia mimi kama ananiuliza, wewe mwanamke huoni?

Nikaogopa kwamba neno hilo lina habari mbaya. Nikaenda kwenye kamusi, nimetafuta ukurasa mzima sikuliona, labda nasoma vibaya mwandiko wako. Niliporudi nikamkuta ameinua vidole viwili, cha shahada na cha kati, anavifungua na kuvifunga, anavifungua na kuvifunga. Nikamwelewa, nikafurahi, nikasema, "Unataka nikukate kucha!" Nikaleta mkasi mdogo, nikamshika mkono nikaanza na kidole gumba. Wifi, mume wangu alicheka. Sauti ilitoka. Alicheka mpaka mate yakamdondoka na machozi pamoja, nami nikacheka nikilia bila kujua tunacheka nini, na mkasi umebaki hewani.

Alipotulia aliukamata ule mkasi, hakuuachia. Akaukokota mpaka kwenye karatasi yako iliyokuwa magotini pake. Nilitaka kumzuia, nikaona nisimzuie. Mimi nilishika karatasi, yeye akakata. Ilichukua muda hata chai ikapoa. Amekata vibaya, ameharibu nusu ya Pattern upande mmoja na Tailor upande wa pili limepoteza kichwa, nisamehe kwa barua yako nzuri kuharibika hivyo. Kile kipande alikibana kiganjani hadi nilipoleta bahasha, ndipo akakiingiza mwenyewe.

Sijui maana yake, na najua hutaniambia. Nimekuletea kama alivyotaka. Angalia chini kabisa ya bahasha, kisianguke.

Jioni nilimwita jina. Aligeuka.

Wifi yako